Kinyaa na Kitufe cha Kahawia

Hii hamtaiamini, na wala sitawabembeleza. Wapo watu walioshuhudia mafuriko, wapo walioona harusi ikivunjika bibi harusi akiwa ameshavaa viatu, lakini hakuna aliyewahi kuona jimu nzima ikisimama kimya, vyuma vikiwa hewani, kwa sababu ya kitufe kimoja kwenye skrini ya kaunta. Ukubwa wake wa kiberiti. Rangi yake kahawia. Na aliyekiweka pale ni mpwa wa mtu mmoja mwenye akili nyingi sana, ingawa yeye na shule waliachana mapema, kwa makubaliano ya pande zote mbili.

Jina la kuzaliwa la huyo mpwa tuliache kwenye cheti. Mtaa mzima unamwita Kinyaa. Aliyempa jina hilo ni mjomba wake huyo huyo, mtoto akiwa na miaka minne, siku aliyokataa kunywa maji kwa sababu nzi alikuwa amekitazama kikombe. Hakutua. Alikitazama tu.

Ugonjwa huo hakuuokota barabarani. Mama yake aliwafulia watu nguo kwa mikono miaka ishirini na sita, na alikuwa na pua ambayo ingeweza kuajiriwa na polisi. Jioni jioni, wakati wa kukunja, alimfunga mtoto macho kwa kitambaa na kumsogezea shati moja moja puani.

"Hili?"

"Limefuliwa."

"Na hili?"

"Limefuliwa, lakini halikusuuzwa vizuri."

"Haya, na hili?"

"Hili limeanikwa tu, mama. Lina harufu mbili. Ya jua juu, ya mtu chini."

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye beseni. Shati hilo la tatu lilikuwa la mjomba, na mjomba mpaka leo anashikilia kwamba lilifuliwa.

Sasa mtu mwenye pua ya namna hiyo, na dunia ilivyo pana, akaenda kupata kazi wapi? Kwenye kaunta ya jimu. Tena si jimu ya kwenye matangazo, yenye mimea na muziki laini. Jimu hii ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi, yenye madirisha manne ambayo matatu yalikuwa yamegoma kufunguka. Ukipanda ngazi, harufu inakupokea kwenye ngazi ya sita, inakushika mkono, inakusindikiza mpaka juu. Magodoro ya mazoezi yalikuwa na ramani za migongo ya watu. Kwenye vishikio vya vyuma kulikuwa na utando ambao Kinyaa aliugusa mara moja tu, mwezi wa kwanza, na kidole hicho hakukitumia kula kwa siku mbili.

Lakini kilichomkera kuliko vyote kilimjia mwenyewe pale pale kaunta. Mtu anashuka kwenye mashine ya kukimbilia, ameiva, anatiririka, halafu anakuja moja kwa moja kuegemea kaunta kama anaegemea kifua cha mama yake. Kiwiko kinaacha dimbwi. Tone linatoka kidevuni, linaning'inia, linafikiri, linaangukia daftari. Na kadi ya uanachama inatolewa wapi? Ndani ya soksi. Kadi ya vuguvugu! Kinyaa aliipokea kwa kucha mbili, akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

"Mbona unaishika hivyo, dada? Haiumi."

"Najua haiumi, kaka. Inapumua."

Miaka mitatu alivumilia, na aliyemvumilisha ni chumba kimoja. Nyuma ya kaunta kulikuwa na kiofisi cha kioo, kidogo kama choo cha treni, chenye meza, kiti kimoja, mlango unaofungika na lile dirisha la nne, la pekee lililofunguka. Kilikuwa tupu. Mwenye jimu alishasema kwamba siku akipata msimamizi wa zamu, hicho ndicho kitakuwa chumba chake. Kinyaa kila akipita alikuwa anachungulia. Alishajua meza ataigeuzia upande gani. Alishajua kitambaa cha kufutia atakitundika wapi.

Huyo mwenye jimu watu walimwita Bosi Kifua. Alikuwa na kifua cha kuanikia nguo na miguu ya kuazima, na fulana zake zote alizinunua kabla ya kukua. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga watu. Alikuwa mtu wa kupuliza manukato. Choo kikinuka, anapuliza. Zulia likinuka, anapuliza. Mkononi hakukosa kichupa cha harufu ya limau, na kwake yeye kitu kilichopuliziwa kilikuwa kimekwisha kusafishwa.

Siku moja Bosi Kifua akaleta mashine mpya ya mauzo: skrini ya kugusa, nyeusi, inang'aa, na kidubwasha cha pembeni cha kutoa risiti. Kinyaa aliipenda kuliko anavyowapenda baadhi ya ndugu zake, na mjomba wake anajijua ni wa ngapi kwenye orodha hiyo. Kilikuwa kitu pekee mle ndani ambacho hakijawahi kuguswa na mtu aliyelowa. Aliifuta kwa spiriti asubuhi, mchana na kabla ya kuondoka.

"Kinyaa," Bosi akasema, "wewe ndiye mwenye kichwa hapa. Ipange hii kitu. Jumatatu tunaanza nayo. Ikikaa vizuri, chumba kile," akaelekeza kidole kwenye kioo, "na usimamizi wa zamu, ni vyako."

Mwanzoni mashine ilikuwa inatesa. Kuuza chupa ya maji ilibidi uandike herufi, mashine ikuletee maji ya aina sita, uchague, uthibitishe, na muda wote huo kiwiko cha mtu kiko mbele yako kinachuruzika. Fundi wa kampuni iliyoiuza akamwelekeza kwa simu kwamba kuna ukurasa wa vitufe vya haraka: kila bidhaa unaipa kitufe chake, jina lake, rangi yake, unakiburuta unapotaka. Ukibonyeza mara moja, kitu kimeuzwa.

Hapo ndipo kinyaa kilipogeuka kuwa elimu. Wengine wangepanga vitufe kwa alfabeti. Mpwa wangu alivipanga kwa majimaji. Alikaa na karatasi siku mbili akiwaangalia watu. Nani anakuja amelowa zaidi? Anayetaka maji. Basi maji yakakaa chini kulia, pale pale dole gumba linapolala, ili mtu huyo aondoke haraka kuliko wote. Pembeni yake glavu za kukodi, maana aliyerudisha glavu ana mikono ambayo hutaki ikae kwenye kaunta yako. Kiingilio cha siku moja, ambacho huuzwa kwa watu wanaoingia wakiwa bado wakavu, akakitupa ukurasa wa pili, ndani ya kikundi alichokiita "Wakavu". Alijipima kwa saa ya simu. Mtu wa maji, tangu kufika mpaka kuondoka, sekunde nne. Tone la kidevuni lilikuwa halipati hata nafasi ya kufikiri.

Ijumaa mchana, jimu ikiwa na watu wawili tu, Bosi akaja kuangalia. Akafurahi, akapuliza limau hewani kwa furaha.

"Safi kabisa. Sasa bado taulo. Niwekee vitufe viwili."

"Viwili vya nini, Bosi? Taulo si taulo?"

Bosi akasogea, akashusha sauti. "Kuna ya wenye kadi ya dhahabu, yale ya kwenye rafu. Halafu kuna ya hawa wengine. Yale ya kikapu cha bluu."

"Tofauti yake ni nini?"

"Ya rafuni yametoka kwa dobi."

"Na ya kikapuni?"

"Yamekauka."

"Yamefuliwa?"

"Nimekwambia yamekauka, Kinyaa. Mashine ya kufulia imekufa tangu mwezi juzi, fundi anazungusha. Yanaanikwa juu ya paa, jua kali, wadudu wote wanakufa. Napuliza kidogo. Mtu anajifutia jasho tu, halitafuni!"

Akampiga begani kwa upendo, akaenda zake.

Kinyaa akainuka, akaenda kwenye kikapu cha bluu ambacho kwa miezi miwili alikuwa akikifungua kila siku, akainama, na kwa mara ya kwanza akaweka pua yake kwa makusudi. Limau lilikuwa juu. Chini ya limau, jua. Na chini ya jua, jamani, kulikuwa na mkutano mzima wa watu. Kwapa la jana, shingo ya juzi, mtu mmoja aliyepaka dawa ya misuli, mwingine ambaye heri tusimwongelee. Alikimbilia lile dirisha la nne, akatoa kichwa nje, akavuta harufu ya matairi kama mtu anayevuta waridi.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa harufu. Ni mdomo wake. Alivyokuwa amefundishwa kuwakaribisha watu! "Karibu, taulo safi hili hapa." Miezi miwili. Kwa pua ile! Alikuwa ameizoeza pua yake kufumba, kama watu wanavyofumba macho, kwa kuwa kila kitu mle ndani kilinuka na akaacha kuchagua. Akamkumbuka mama yake na kile kitambaa cha kumfunga macho. Mama bado yuko hai, ana magoti mabovu, anakaa barazani, na kila siku Kinyaa akirudi anamuuliza, "Huko kazini kwenu mnafua na sabuni gani?"

Akarudi kwenye skrini. Kitufe cha kwanza akakiandika TAULO, kijani, akaweka. Cha pili akakipa rangi ya kahawia, maana rangi hiyo ndiyo iliyokuwa tumboni mwake. Mashine ikamuuliza jina la kitufe. Akaandika TAULO SAFI. Kidole kikakataa kuthibitisha. Akafuta. Akaandika TAULO B. Akafuta hilo pia. Mwanafunzi wa shule ndiye anayepewa B. Mwisho akaandika alichokijua: TAULO LA JANA. Ni la kwangu mwenyewe, akajiambia, nilione mimi nisisahau. Jumatatu asubuhi nitaongea na Bosi kabla ya kufungua.

Chini yake kulikuwa na nafasi nyingine: jina la kwenye risiti. Akampigia yule fundi wa kampuni.

"Acha wazi tu, dada. Itajijaza."

"Itajijaza nini?"

"Itajijaza yenyewe, usiwe na wasiwasi, bado nina mteja hapa."

Akaacha wazi. Kujaribu hakuweza, kwa sababu karatasi za risiti zilikuwa hazijaletwa.

Jumatatu Bosi alichelewa. Alifika na karatasi za risiti mkononi, foleni ikiwa imeshafika mlangoni, na hakuna mazungumzo yaliyowezekana. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bibi Nesi, nesi mstaafu aliyeletwa pale na magoti yake. Mwanamke huyu husoma kila kilichoandikwa. Husoma chupa ya maji. Husoma onyo la kamba ya kurukia. Alichukua maji, akachukua taulo, mkono wa Kinyaa ukaenda wenyewe, maji, kahawia, sekunde nne, na kidubwasha kikatema risiti yake ya kwanza duniani.

Bibi Nesi akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, maana yeye kusoma kimya hajui.

"Maji, moja. Taulo la jana, moja." Akainua macho juu ya miwani. "Mwanangu, taulo la jana ndiyo nini?"

Kinyaa akainama, akaichungulia risiti. Ile nafasi iliyoachwa wazi ilikuwa imejijaza kweli, kwa jina la kitufe.

"La jana la nani?" Bibi Nesi akaendelea, akiwa amelishika taulo mbali na mwili kama nepi.

Ukumbi ukaanza kupungua kelele. Kwenye benchi la vyuma alikuwa amelala fundi wa makufuli wa mtaa wa pili, jitu kubwa, ambalo kila likiinua chuma kizito lilikuwa na desturi yake: kuuma taulo ili lisipige kelele. Taulo lilikuwa mdomoni wakati huo. Chuma kilikuwa hewani.

Bosi Kifua akaruka kutoka nyuma, kichupa mkononi. "Hitilafu! Hitilafu ya mashine, mama yangu, mfumo mpya huu. Kinyaa, mwambie bibi ni hitilafu."

Kinyaa alikiangalia kile chumba cha kioo. Meza yake. Dirisha lake. Kwa neno moja dogo, kesho angekuwa ndani, mlango umefungwa, hakuna kiwiko. Kisha akaliangalia lile jitu la kwenye benchi, na taulo lililoingia mdomoni mpaka kwenye magego, na akili yake ikamletea, bila kuombwa, ile shingo ya juzi.

"Mashine haina kosa, bibi," akasema. "Nimeandika mimi. Limeanikwa, halikufuliwa. Hata wiki iliyopita halikufuliwa. Nilikuwa nakwambia ni safi, nisamehe."

Chuma kilishuka kwa kishindo hadi watu wa matairi chini wakadhani gari limeanguka. Jitu likatema. Likatema tena. Likaomba maji, Kinyaa akabonyeza chini kulia, likasukutua mara tatu, likauliza kwa sauti ya mtoto, "Tangu lini?"

"Tangu mwezi juzi, kaka."

"Ile Jumamosi nilipouma lote?"

"Hasa ile Jumamosi."

Bosi akawa mwekundu kama alivyoweza. "Badilisha jina hilo sasa hivi! Andika Taulo Safi!"

"Fua kwanza, nitaandika."

"Basi acha funguo, nenda kwenu!"

Kinyaa akaweka funguo kaunta. Akachukua mkoba wake, akachukua kitambaa chake na chupa yake ya spiriti, akaelekea mlangoni. Alishajua atakachomwambia mama yake barazani, na kilikuwa kizito, lakini angalau kilikuwa kimefuliwa.

Foleni haikutoka. Mtu wa pili akataka kiingilio cha siku moja. Bosi akasogelea skrini na vidole vyake vinene kama ndizi. Akatafuta siku moja juu, akatafuta chini, hakuiona. Angejuaje kwamba iko ukurasa wa pili, ndani ya "Wakavu"? Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akabonyeza kahawia. Risiti ikatoka: taulo la jana. Akabonyeza tena kwa hasira. Taulo la jana. Akashikilia kidole, mashine ikadhani ameagiza nyingi, na karatasi ikaanza kuteremka kaunta, taulo la jana, taulo la jana, taulo la jana, ikafika sakafuni, na Bibi Nesi akaiokota na kuendelea kuisoma kwa sauti.

"Kinyaa," Bosi akasema hatimaye, bila kugeuka. "Siku moja iko wapi?"

"Ukifua nitakuonyesha."

Hapo ndipo simu ya fundi wa mashine ya kufulia ilipopigwa, na yule fundi aliyekuwa akizungusha miezi miwili akafika ndani ya saa moja, maana jitu la makufuli lilijitolea kwenda kumchukua. Mataulo yote yalifuliwa mara mbili. Kitufe cha kahawia kilifutwa na mkono ule ule uliokiweka. Chumba cha kioo Kinyaa hakukipata. Alipewa shemeji wa Bosi, ambaye analala humo mchana mdomo wazi, na Kinyaa humwona kupitia kioo na kumezea mate machungu. Yeye yuko kaunta mpaka leo, na viwiko bado vinachuruzika. Ila kila asubuhi kabla ya kufungua ananusa rafu nzima, taulo moja moja, na Bosi anasimama pembeni akisubiri aambiwe, kama mtoto anayesubiri kusahihishiwa daftari.

Na hata hiyo si kitu. Ngoja niwaeleze alivyoomba radhi. Siku ile ile, mbele ya watu mia mbili, Bosi Kifua alipiga magoti, fulana ikapasuka mgongoni, akalia machozi mpaka kikapu cha bluu kikaelea, na mjomba mtu, ambaye alikuwa amesimama pale pale mlangoni tangu mwanzo, akamshika bega akamwambia, "Inuka, kijana, mpwa wangu ana moyo wa huruma, ila ukirudia tena mimi mwenyewe nita—"

"Mjomba, walikuwa watu saba. Na wewe ulikuwa kwa kinyozi. Hebu sogeza mkono nifute meza, na hilo shati lako nalinusa tangu nilipokuwa mlangoni."